Mkimbizi atafutwe chini ya herufi gani? Kamusi za wanafunzi wa Kiswahili na historia yake mjini Brussels

Ni zaidi ya miaka 140 tangu kitabu cha maneno ya Kiswahili kilichokusudiwa wageni kilipochapishwa katika mji mkuu wa Ubelgiji. Tangu wakati huo watunzi wa kamusi wamekabiliwa na swali moja: neno lililozaliwa na neno jingine liwekwe wapi? Makala yetu ya leo inafuatilia jinsi swali hilo lilivyojibiwa, na kwa nini jibu lake haliwahusu wanasarufi peke yao.



Katika manispaa ya Ixelles mjini Brussels, karibu na mahali paitwapo Lango la Namur, upo mtaa unaojulikana kwa jina la Matonge, kwa kuukumbuka mtaa wa jina hilohilo wa mjini Kinshasa. Kifaransa na Kilingala husikika sana huko, lakini Kiswahili nacho hakikosekani, kwani wapo katika mji huu watu waliotoka Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura. Mtu anayejifunza Kiswahili katika mji kama huu hachukui muda mrefu kabla ya kukutana na neno mkimbizi. Tuseme basi kwamba amelisikia, hakulielewa, na sasa amefungua kamusi. Alitafute wapi?

Akilitafuta chini ya herufi M, atalipata katika kamusi nyingi pamoja na maana yake: mtu aliyeihama nchi yake kwa sababu ya vita au mateso. Ataifunga kamusi akiwa ameridhika. Hatajua, hata hivyo, kwamba neno hilo lina mama yake, yaani kitenzi kimbia, wala kwamba lina ndugu wengi. Yuko mkimbiaji, ambaye ni mwanariadha. Liko neno kimbiza, yaani kumfukuza mtu mbio. Liko kimbilia, yaani kwenda mbio kuelekea mahali au mtu. Liko kimbilio, yaani mahali pa kujisalimisha, na uko ukimbizi, ambao ni hali yenyewe. Ndugu hao wametawanywa chini ya K, M na U, na mgeni hana wa kumwambia kuwa ni wa ukoo mmoja.

Iko kamusi ya namna ya pili. Hiyo huwakusanya wote hao chini ya kimbia, kama watoto waliozunguka sinia moja. Mwanafunzi akifika hapo hujifunza maneno sita kwa safari moja. Tatizo ni kufika. Ili alipate neno mkimbizi, hana budi kujua kwanza kwamba limetokana na kimbia, na kama angelijua hilo, huenda asingehitaji kufungua kamusi.

Mizizi na alfabeti

Shida hii haikuanza na Kiswahili. Neno kamusi lenyewe limetoka katika Kiarabu. Al-Firuzabadi, mwanachuoni aliyefariki dunia mwanzoni mwa karne ya 15, alikiita kitabu chake kikubwa cha maneno Al-Qamus al-Muhit, yaani bahari izungukayo, na umaarufu wa kitabu hicho ukalifanya neno qamus kuwa jina la vitabu vyote vya aina hiyo. Kwa desturi kongwe ya kamusi za Kiarabu, maneno hupangwa kwa mizizi. Kitabu, katibu na maktaba, ambayo Kiswahili kiliyapokea kila moja kivyake, katika Kiarabu hukaa chini ya mzizi mmoja wenye konsonanti tatu.

Wazungu waliokuja pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 walikuwa wamezoea utaratibu mwingine, ule wa alfabeti, ambamo kila neno husimama kwa herufi yake ya kwanza. Utaratibu huo hauna taabu kubwa katika Kifaransa, kwa sababu mara nyingi neno la Kifaransa hurefuka mwishoni, na mwanzo wake hubaki vilevile. Neno la Kiswahili hukua kwa pande zote mbili. Mwishoni hupokea viambishi vya kutendea, kutendwa, kutendana, kutendesha na kutendeka. Mwanzoni hupokea m-, ki-, u- au ma-, na papo hapo huhama kutoka herufi moja ya alfabeti hadi nyingine. Neno pika hubaki chini ya P likiwa pikia au pikwa, lakini likizaa mpishi, upishi na mapishi, watoto wake huenda mbali.

Kitabu cha mwaka 1880

Sasa turudi Brussels. Mwezi Septemba mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili aliitisha katika mji huo mkutano wa wanajiografia, na hapo ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Njia ya kwanza iliyotumiwa na wajumbe wake kuingia bara haikuwa Mto Kongo. Walipitia Zanzibar na Bagamoyo. Mwaka 1879 afisa wa Kibelgiji, Ernest Cambier, alianzisha kituo cha Karema kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo pamo ndani ya Tanzania. Msafara kama huo usingeweza kupiga hatua bila ya wapagazi, askari na wakalimani, na lugha iliyowaunganisha watu hao ilikuwa Kiswahili.

Miongoni mwa Wabelgiji waliosafiri katika misafara hiyo ya mwanzo alikuwako daktari Pierre Dutrieux. Mwaka 1880 ilichapishwa Brussels, kwa jina la Jumuiya hiyo, orodha yake ya maneno ya Kifaransa na Kiswahili. Miaka 14 baadaye, mwaka 1894, afisa mwingine, Charles Lemaire, alichapisha katika mji huohuo msamiati wa lugha kadhaa kwa pamoja, Kifaransa na Kiingereza zikiwa mbele, zikifuatiwa na lugha za Kongo. Humo Kiswahili kiliitwa Kizanzibari, kwa sababu Wabelgiji wengi walikisikia kwanza kutoka kwa wapagazi na askari walioajiriwa Zanzibar.

Msikilizaji, majina ya vitabu hivyo viwili yanatuonyesha jambo moja kubwa. Vyote vilianza na Kifaransa. Mtu mwenye neno la Kifaransa kichwani alilitafuta, akaliona neno la Kiswahili kando yake, akalitamka. Kwa kazi hiyo, maneno yaliyonyambuliwa hayana matata yoyote. Katika orodha inayoanza na Kifaransa, kimbia huwekwa kwenye F kwa sababu ya fuir, kimbiza huenda kwenye P kwa sababu ya poursuivre, na mkimbizi huwa kwenye R kwa sababu ya réfugié. Kila neno ni kisiwa, na anayetaka kutamka neno moja tu hana haja ya kujua kuwa visiwa hivyo vimeungana chini ya maji.

Lakini orodha ya namna hiyo humsaidia mtu kusema tu. Akijibiwa, haina msaada. Mpagazi akisema kwamba amekimbiwa na mwenzake, bwana wa msafara hana pa kulitafuta neno amekimbiwa, maana kitabu chake hakina mlango wa upande wa Kiswahili. Hapo ndipo suala la maneno yaliyonyambuliwa huzaliwa: siku mgeni anapotaka kusikiliza.

Kusema kulitangulia kusikiliza

Utaratibu huu wa kusema kwanza hauwahusu Wabelgiji pekee. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alitoa kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891. Kamusi yake ya upande wa pili, inayoanza na Kiswahili, ilitoka Paris kwa sehemu mbili, mwaka 1939 na 1941. Ni kazi yenye kurasa zaidi ya 1,000, inayotaja pia lahaja mbalimbali za pwani. Kati ya kusema na kusikiliza ilipita miaka 48.

Kwa haki ni lazima tuwataje waliofuata njia nyingine. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alianzia upande wa Kiswahili, na kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Arthur Madan wa misheni ya Kianglikana ya Zanzibar alitoa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Kisha ikaja kamusi iliyobaki mikononi mwa wanafunzi kwa vizazi kadhaa, ile ya Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Johnson alifariki kabla ya kazi hiyo, iliyojengwa juu ya ile ya Madan, kutoka mwaka 1939.

Wengi waliosoma kwa kamusi ya Johnson wanaikumbuka kwa tabia yake moja: majina mengi yanayotokana na vitenzi yamekusanywa chini ya kitenzi chenyewe. Kwa anayeifahamu lugha, kurasa hizo ni furaha, kwani humwonyesha jinsi tendo, mtendaji, chombo na matokeo vinavyochipuka katika shina moja. Kwa anayeanza ni mtihani. Yampasa ayavue maneno nguo kabla ya kuyatafuta.

Mwizi na iba

Kazi ya kuyavua nguo ingekuwa nyepesi kama mwili uliobaki ungefanana na mama. Mara nyingi haufanani. Mpishi ana sh, lakini pika ina k. Mlinzi ana z, lakini linda ina d. Mfuasi ana s mahali ambapo fuata ina t. Mlevi ana v mahali ambapo lewa ina w. Mwizi, ambaye wengine humwita mwivi, ametokana na iba, na mgeni gani angeotea hivyo? Jua limezaa watoto wawili wenye sauti tofauti na tabia tofauti: mjuzi, mtu wa kusifiwa kwa maarifa yake, na mjuvi, mtu wa kukemewa kwa kujifanya anajua kila kitu.

Maelezo ya mambo haya yalitafutwa kwa bidii mjini Tervuren, kilomita chache mashariki ya Brussels. Jumba la makumbusho lililoko huko lina historia chungu. Lilitokana na maonyesho ya mwaka 1897, ambapo Wakongo 267 waliletwa ili watazamwe na umma, na saba kati yao walifia huko. Ni katika jumba hilohilo ambamo, katika karne ya 20, wanaisimu walikaa miaka mingi wakilinganisha lugha za Kibantu neno kwa neno. Mmoja wao, Achiel Meeussen, alichapisha mwaka 1967 makala juu ya sarufi ya lugha mama ya Kibantu, ambamo alieleza viambishi vya vitenzi ambavyo wasemaji wa Kiswahili, Kirundi, Kiganda na lugha nyingine nyingi bado wanavitumia. Wenzake na warithi wake, wakiwemo André Coupez na Yvonne Bastin, walikusanya mizizi ya kale katika hazina ya kompyuta yenye karibu maingizo 10,000.

Kutokana na kazi ya aina hiyo tunajua kwamba kiambishi -i cha kumtaja mtendaji kilikuwa na sauti nyembamba mno, iliyoibana konsonanti ya mbele yake hadi ikageuka. Mwaka 2008 Koen Bostoen, mtaalamu wa Kibelgiji aliyefanya kazi Tervuren kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Ghent, alichapisha utafiti unaoonyesha kuwa mageuzi hayo hayakuenea kwa usawa katika lugha za Kibantu, na kwamba katika baadhi ya lugha yameshikamana na viambishi fulani tu. Kiswahili ni shahidi mzuri: pika hugeuka katika mpishi, lakini haigeuki katika pikia. Tena maneno yaliyoundwa kwa kiambishi -aji huiacha konsonanti salama. Ndiyo maana tunaye mwandishi, ambaye uandishi ni kazi yake, na mwandikaji, ambaye ni mtu yeyote mwenye kalamu mkononi.

Mwana mwingine wa Brussels anayestahili kutajwa ni Edgar Polomé, aliyezaliwa mwaka 1920 na kusoma katika Chuo Kikuu Huru cha mji huo. Alifundisha Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kabla ya kwenda Texas nchini Marekani. Kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya lugha ya Kiswahili kiliwapa wasomaji wa Kiingereza maelezo marefu kuhusu namna maneno ya Kiswahili yanavyoundwa. Baadaye aliandika pia kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi, lugha ya mji ambayo vitabu vya shule vilikuwa vimeipa kisogo.

Jibu la Dar es Salaam na jibu la kompyuta

Wenye lugha nao walitoa jibu lao. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ikafuatiwa na toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Humo ilichukuliwa njia ya kati. Minyambuliko ya kawaida ya kitenzi hutajwa kwa ufupi palepale kwenye kitenzi, na majina kama mkimbizi au mpishi hupewa nafasi yake katika alfabeti. Neno lililonyambuliwa likijipatia maana yake lenyewe, nalo hujitegemea. Endelea lilitoka katika enda, lakini aliyejua enda tu hawezi kukisia kwamba maendeleo ni barabara, shule na hospitali.

Njia hiyo yafaa sana kwa Mswahili, kwa kuwa yeye huusikia ukoo wa maneno bila kuambiwa. Ukimtajia mkimbizi, kimbia limo masikioni mwake. Mgeni hana sikio hilo, na ndiyo sababu kamusi ya mwanafunzi inapaswa kusema waziwazi kile ambacho kamusi ya mwenyeji yaweza kukinyamazia. Wafaransa walilijaribu jambo kama hilo kwa lugha yao wenyewe: kamusi ya Kifaransa cha kisasa iliyotolewa na Larousse mwaka 1966, chini ya Jean Dubois, ilikusanya maneno yaliyonyambuliwa pamoja na mama zao. Kwa wasemaji wa Kifaransa wanaojifunza Kiswahili, nafasi hiyo ilijazwa kwa kiasi na kamusi ya Alphonse Lenselaer, iliyotolewa Paris mwaka 1983.

Kompyuta ilileta matumaini mapya. Mjini Helsinki, Arvi Hurskainen alitengeneza programu inayoweza kulichambua neno la Kiswahili na kukitambua kiini chake, na mwaka 1994 alichapisha makala ya kuipima Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwa chombo hicho. Katika Chuo Kikuu cha Ghent, Gilles-Maurice de Schryver na Sarah Hillewaert walianzisha mwaka 2004 kamusi ya Kiswahili na Kiingereza kwenye intaneti. Miaka miwili baadaye de Schryver na wenzake walichapisha uchunguzi wa maneno ambayo watu waliyatafuta humo. Waligundua kwamba, ukishayapita maneno elfu chache yanayotumiwa mno, wingi wa matumizi ya neno hautabiri tena kama litatafutwa. Kwa hiyo mtunzi hawezi kumwacha mjukuu wa ukoo nje kwa hoja kwamba hasikiki mara nyingi.

Katika kamusi ya kompyuta, lile swali la zamani la M au K hulegea. Neno laweza kuwekwa kwenye herufi yake na wakati huohuo likaunganishwa na mama yake. Lakini mtu lazima awe ameuandika uhusiano huo kwanza. Mashine haiwezi kumwonyesha mwanafunzi ukoo ambao hakuna aliyeuingiza.

Silabi moja

Pengine utauliza, msikilizaji, kama yote haya si mambo ya wasomi na meza zao. Tuitazame Brussels ya leo kwa mara ya mwisho. Katika mji huu yako makao ya ofisi inayoamua maombi ya watu wanaotafuta hifadhi nchini Ubelgiji. Waombaji husimulia maisha yao kupitia wakalimani, na miongoni mwao wako wanaosimulia kwa Kiswahili.

Sikiliza sentensi mbili. Ya kwanza: mjomba aliniuzia. Ya pili: mjomba aliniuza. Katika ya kwanza, mjomba ni mfanyabiashara, na msemaji ni mnunuzi wake. Katika ya pili, msemaji ndiye bidhaa. Tofauti ni silabi moja. Sikiliza tena: jirani alinikimbia, jirani alinikimbilia, jirani alinikimbiza. Wa kwanza alimwogopa msemaji, wa pili alimtaraji amsaidie, wa tatu alitaka kumkamata. Mtu aliyejifunza kimbia peke yake, kwa orodha ya maneno yaliyopangwa kama visiwa, ataona watu watatu hao ni mmoja. Na uamuzi juu ya nani apewe hifadhi huweza kutegemea yupi kati yao alikuwa mlangoni usiku ule.

Daktari aliyeandika orodha yake kwa ajili ya msafara hakuwa na sababu ya kuhangaishwa na silabi hiyo, kwani kitabu chake kilikuwa cha mtu wa kutoa maagizo. Ilichukua karibu miaka 60, tangu mwaka 1880 hadi mwaka 1939, kabla ya msomaji wa Kifaransa kupata kamusi kubwa inayomwezesha kuanza na neno alilolisikia kinywani mwa Mswahili. Leo Mswahili ndiye anayesafiri kwenda Brussels, na mwenyeji wake ndiye anayepaswa kusikiliza. Ukiichukua kamusi ya mwanafunzi dukani, ndugu msikilizaji, ifungue kwenye kimbia. Utazame kama kimbilia na kimbiza wamo, na kama kuna alama ya kukupeleka kwa mkimbizi. Hapo utajua kamusi hiyo imetungwa kwa ajili ya mtu wa kusema tu, au kwa ajili ya mtu wa kusikia pia.